Salamu Kwanza, Habari Baadaye

Simu yetu ya mezani pale Kijenge ilikuwa na nguo nzuri kuliko zangu. Ilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma kwa siku za kawaida, cha bluu chenye maua kwa Jumapili, na cha zambarau ambacho mama alikitoa Kwaresima tu. Mama alikuwa Mlutheri wa kweli na hakuona kwa nini simu ibaki nje ya kalenda ya kanisa. Ilikuwa na meza yake peke yake pembeni ya kochi, na aliyethubutu kuweka kikombe cha chai pale alikuwa anatafuta ugomvi.

Baba ndiye aliyeiomba, enzi zile akiwa afisa wa ushirika wa kahawa, na alisubiri miaka mingi jina lake lipande kwenye orodha. Laini ilipofika, biashara ilikuwa imeshakuwa huria na wanunuzi binafsi walikuwa wakizunguka vijijini na mizani zao. Kwa hiyo baba alipata simu ya kuwasiliana na wakulima mwezi uleule ambao wakulima walikuwa wamepata mtu mwingine wa kumuuzia kahawa. Hakujali. Aliipangusa vumbi kila asubuhi, akainyanyua kusikiliza kama inanguruma, akaenda kazini ameridhika.

Mama alikuwa na sheria moja tu ya simu, ambayo ilikuwa pia sheria ya sebuleni, ya sokoni na ya njiani: salamu kwanza, habari baadaye. Kwao Akheri ndivyo walivyolelewa. Mtu hakukuti njiani akakutupia jambo. Anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, mzee ameamkaje, mifugo, mvua, ule mguu uliokuwa unauma. Unamjibu yote ni mazuri hata kama paa linavuja, kisha unamgeuzia maswali yaleyale, moja moja, bila kuruka. Mkishamaliza mnanyamaza kidogo, halafu mmoja anasema, "Sasa." Hiyo "sasa" ndiyo inayofungua habari. Kabla yake, hata kama umekuja kusema nyumba inaungua, unangoja.

"Anayekuja na habari hajakusalimia," mama alikuwa akituambia, "ujue kuna mtu amekufa."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Simu ileile ndiyo iliyotuletea habari ya baba. Aliyepiga kutoka hospitali alikuwa na haraka ya kazi yake, akauliza tu kama hapa ndipo nyumbani kwa mzee fulani. Mama hakumjibu. Aliketi sakafuni, mkonga bado sikioni. Alikuwa hajaambiwa chochote, ila hakuwa amesalimiwa.

Baada ya hapo tulibaki wanawake watatu na simu. Halafu dada yangu, mkubwa wangu, akapata nafasi kupitia kanisa ya kwenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa miaka miwili, na tukabaki wawili na simu. Miaka miwili ikawa mitatu, mitatu ikawa minne.

Dada alipiga kila Jumapili saa nane mchana, tukiwa tumeshatoka ibadani na kula. Alitumia zile kadi za kupigia simu nchi za mbali, ambazo dakika zake ni chache na zinakwisha bila huruma. Mimi nilikaa kwenye kochi nikiwa na zamu ya kuongea ambayo haikufika hata mara moja.

"Shikamoo mama," nilimsikia dada kwa mbali.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Kazi haijambo? Wagonjwa wako hawajambo?"

Hilo la wagonjwa nilikuwa nalisubiri kila wiki. Dada naye, kwa malezi aliyopewa, alijibu kwamba wagonjwa hawajambo.

"Mwenye nyumba wako? Na yule mzee wa ghorofa ya chini? Mbwa wake amepona?"

"Amepona mama. Mama, nina jambo nilitaka..."

"Ngoja, bibi yako anakusalimia. Ng'ombe wake amezaa, jike. Shangazi yako wa Kikatiti anakusalimia. Kwaya wote wanakusalimia, hata yule wa sauti ya nne uliyekuwa humpendi."

"Mama, imebaki dakika moja."

"Haya, mwanangu. Mungu akulinde. Wasalimie wote."

Halafu inalia tuu, tuu, tuu. Mama anarudisha mkonga, ananyoosha kitambaa, anageuka na uso wa mtu aliyeshiba. "Tumeongea vizuri," anasema.

Sasa niseme kuhusu chumba, maana bila chumba mtaniona mtu mwema kuliko nilivyo. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Kimoja cha mama. Kimoja changu, nilichokuwa nikilala pamoja na magunia ya mahindi, cherehani ya mama na binamu yeyote aliyekuja mjini kutafuta kazi. Cha tatu kilikuwa cha dada, na kilikuwa kimefungwa. Ndani mlikuwa na kitanda cha mninga na godoro jipya lililokuwa bado kwenye nailoni ya dukani, ili mwenyewe alifungue kwa mkono wake. Ufunguo ulikaa kwenye shada la funguo za mama, na kila Jumamosi alikwenda kupiga deki chumba ambacho hakuna aliyekanyaga. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi ya kupokea wageni kwenye ofisi ya utalii, naongea Kiingereza na wazungu mchana kutwa, na usiku nabanana na gunia.

"Na mwenyewe akirudi atalala wapi?" mama aliniuliza siku niliyojaribu kuligusia. Sikuligusia tena.

Pale ofisini kulikuwa na kompyuta, na dada alikuwa akiniandikia barua pepe. Moja ilikuja Jumatatu asubuhi nikiwa sijavua hata koti. Alisema amepata mtu, Mjerumani, na wanataka kufunga ndoa kwenye kanisa la hukohuko baada ya Pasaka. Alisema nyumbani atakuwa anakuja kutembea, lakini kuishi harudi. Alikuwa amejaribu kumwambia mama tangu mwaka juzi. "Sijawahi kufika kwenye sasa," aliandika. Kumwandikia mama barua hakutaka. Alitaka mama akubali kwa mdomo wake na yeye asikie, na bila hivyo hawezi kusimama mbele ya madhabahu hata mchungaji aje na gauni.

Nilimhurumia dada. Nilimhurumia mama. Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, nilikifikiria kile chumba.

Niliona tatizo ni dakika. Salamu zinakula kadi yote, habari inabaki nje. Tukipata simu isiyo na dakika, salamu zitafika mwisho zenyewe. Na simu hiyo ilikuwepo mjini. Mama mmoja wa Kichaga, ambaye nilimjua kwanza akiuza vitenge, kisha majokofu, alikuwa ameuza majokofu yote na kuweka kompyuta nane kwenye chumba kilekile, na nje ameandika kwa rangi nyekundu kwamba hapa unaongea na Ulaya kwa intaneti. Biashara huria yeye aliielewa mapema kuliko sisi sote. Nikaandikiana na dada, tukakubaliana Jumapili na saa, kila mtu mbele ya kompyuta yake.

"Mama," nikamwambia jioni ile, "kuna simu isiyokatika. Mnaongea mpaka mchoke wenyewe."

Mama aliweka chini mchicha aliokuwa akichambua. "Mpaka tuchoke?"

"Mpaka mchoke."

"Kumbe," akasema, akaokota mchicha wake.

Nilidhani nimemweka kona. Jumatano alipanda kwenda Akheri akarudi jioni. Ijumaa alikwenda Kikatiti kwa shangazi. Jumamosi baada ya deki alikaa mezani na daftari, miwani puani, akiandika huku midomo inacheza. Nilipochungulia nikaona majina. Kurasa tatu za majina, na mbele ya kila jina salamu yake: huyu anasema uvae soksi, huyu anauliza kama huko kuna ndizi, huyu anasema tu hajambo lakini nimemuahidi. Kwa miaka minne kadi za dada zilikuwa zimemdhulumu mama salamu zake, na sasa mimi, binti yake wa kumzaa, nilikuwa nimemwambia hazina mwisho. Nilitaka kumwondolea ukuta, kumbe nimempelekea matofali.

Jumapili ya kwanza alikuja na kitenge cha kanisani na kilemba chake. Mama mwenye duka alimsalimia vizuri, shikamoo na kupiga goti kidogo, hiyo ikamfurahisha. Kuvalishwa vile vya masikioni hakukumfurahisha, kwa sababu vilibonyeza kilemba, na vikishafunika masikio mama hakuweza kusikia jinsi anavyopiga kelele.

"HUJAMBO MWANANGU?" akauliza, na vijana wawili waliokuwa wakitazama mambo ya mpira wakajibu, "Hatujambo, shikamoo mama." Akawaitikia nao.

Sauti ya dada ilikuwa inachelewa kufika. Mama anauliza, pumzi moja, pumzi mbili, ndipo jibu linaingia. Mwanzoni alidhani dada amekuwa na kiburi. Nikamweleza kwamba ni safari ya sauti, basi akaitikia kwa kichwa na kufungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma wa pili. Dada aliitikia kila jina, na mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni nikihesabu waliobaki. Katikati ya ukurasa wa tatu mtandao wa mji mzima ukaanguka.

"Umekatika," mama mwenye duka akasema.

"Mungu ni mwema," akasema mama, akafunga daftari. Kisha akaona tunamwangalia. "Ametupa hata huo muda," akaongeza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Labda si jina la mtu wala kanisa, lakini anajua kuna jambo, na anajua jambo gani huwapata mabinti wanaokwenda miaka miwili ikawa minne. Miaka yote ile hakuwa amezidiwa na adabu. Alikuwa amekaa nyuma ya salamu, na mimi nilikuwa nimecheka. Niliona haya njia nzima mpaka Kijenge.

Wiki iliyofuata nilimwambia kwamba akitaka tutarudi kwenye simu ya mezani. "Nilibakiza watu saba," akasema. "Nimewaahidi."

Jumapili ya pili mvua ilikuwa inanyesha na duka limejaa watu waliokimbilia humo. Mama alivaa vile vya masikioni juu ya kilemba, akasalimia, akauliza mwenye nyumba, mzee, mbwa. Akasoma wale saba taratibu, na wa saba alimpa maneno mengi ambayo nina hakika mwenyewe hakuyatuma. Kisha akageuza ukurasa, na upande wa pili ulikuwa mweupe. Aliutazama. Akanitazama mimi kana kwamba nimeuchana.

"Vinanibana," akasema, akavua vile vya masikioni akaviweka mezani. Sauti ya dada ikasikika kwa mbali humo ndani, nyembamba, ikiita.

Mama mwenye duka alikuwa mtu wa kuhudumia wateja. Aliona mteja mzee amevua, akadhani vimeharibika, na kabla sijamzuia alikuwa ameshachomoa waya na kuchomeka spika kubwa mbili, zile alizokuwa akipigia nyimbo za kwaya wakati wa majokofu.

"MAMA, UPO?" dada akajaza chumba.

Watu wote wakageuka. Vijana wa mpira, mwanamke aliyekuwa anakamua maji ya mvua kwenye khanga, wote. Mama alishika daftari kwa mikono miwili. Mbele ya watu asingeweza kumnyamazia mtoto wake. Hiyo nayo alilelewa.

"Nipo," akasema.

Kukawa kimya. Simu yetu ya mezani haikuwahi kutupa kimya cha namna hiyo, kwa sababu kwenye simu ile kimya kilikuwa kinakula kadi. Hiki hakikula kitu. Kilikaa tu na sisi. Mama alilifunga daftari.

"Sasa," akasema.

Dada hakujibu mara moja, na sijui kama ni safari ya sauti au ni yeye. Kisha akasema yote, haraka, kama mtu anayeogopa mvua itaangusha tena mtandao. Amepata mchumba. Watafunga ndoa huko baada ya Pasaka. Wataishi huko.

"Hurudi kabisa?" mama akauliza.

"Nitakuwa nakuja kutembea, mama."

"Kutembea," mama akarudia. Mwanamke wa khanga aliacha kukamua. "Anasali?"

"Anasali. Mlutheri kama sisi."

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe."

Kukasikika kiti kikiburuzwa, kisha sauti nene ya mwanamume, moja moja, iliyofanyiwa mazoezi: "Shi-ka-moo, mama."

Baadaye dada alinieleza kwamba alikuwa amemfundisha neno hilo tangu mwaka juzi, na kila Jumapili alikuwa akikaa pembeni yake akisubiri zamu ambayo haikufika. Kumbe tulikuwa wawili.

Mama alifunga macho, akayafungua. "Marahaba, baba. Hujambo?"

"Nzuri."

"Umeamkaje?"

"Nzuri."

"Wazazi wako wapo?"

"Nzuri sana."

"Mnafuga?"

"Nzuri. Asante."

Vijana wa mpira walikuwa wameinamisha vichwa kwenye meza, mabega yanatikisika. Mama hakucheka. Alimuuliza mvua, akamuuliza mashamba, akamuuliza kaka na dada zake, akamuuliza afya ya wachungaji, kila swali akilisubiri jibu mpaka lifike, na kila jibu lilikuwa nzuri. Alimsalimia yule mtu kama anavyosalimiwa mkwe aliyepiga hodi na wazee wake, bila kuruka hata moja. Alipomaliza akasema, "Anajibu vizuri. Hana haraka." Kisha akasogea karibu na spika, ingawa haikuhitaji. "Mwanangu. Nimekubali. Fungeni ndoa."

Dada alilia kwa sauti kubwa kwenye spika za kwaya, na sisi wengine hatukujua tutazame wapi. Mama mwenye duka alikwenda kupanga kalamu.

Tulirudi kwa miguu kwenye tope, kila mmoja na mwavuli wake. Tulipofika getini mama alitikisa mwavuli wake. "Ana sauti ya mtu anayekula vizuri," akasema, akaingia ndani.

Hakuvua kilemba. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha dada, akafungua, nikasikia nailoni ikichanika. Alichana kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameikunjakunja yote mkononi, na ule ufunguo ameshautoa kwenye shada.

"Lala humo," akasema, akaniwekea kiganjani. "Godoro likikaa bila mtu linaharibika."

Miaka minne nilikitamani chumba kile. Niliingia, nikaketi ukingoni mwa kitanda cha mninga, nikasikia harufu bado ni ya dukani, nikaanza kulia kwa namna ambayo sikuwa nimeipanga. Nilikuwa nimemfukuza dada yangu nyumbani kwa kompyuta, ndivyo nilivyojiona, na hakuna aliyenilaumu.

Nikiwa nimekaa hivyo, simu ya mezani ikalia sebuleni. Kwa mlio wa kwanza tu nilijua ni shangazi wa Kikatiti, anataka kujua kama salamu yake ilifika. Nilimsikia mama akivuta kiti, akiondoa kitambaa cha bluu, akinyanyua mkonga. Nikajifuta macho nikingoja umeamkaje na watoto na mvua.

"Wifi," mama akasema, "ngoja. Salamu baadaye."

Upande wa pili shangazi lazima alikuwa anatafuta pa kukaa.

"Hapana, wifi," mama akasema. "Hakuna aliyekufa. Ni mkubwa wangu. Anaolewa." Nikasikia akiketi. "Harudi."